Usugu wa insulini: mlo upi uende na dawa ipi unapopunguza uzito

Kuna kisa kinachojirudia kliniki baada ya kliniki. Mtu ameandikiwa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kidonge kimoja asubuhi. Jirani anamwambia kuwa wenzake wamepungua kwa kuacha kifungua kinywa. Basi anameza kidonge saa 1 asubuhi na hali kitu. Ikifika saa 5 mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Anakunywa soda, anaongeza maandazi mawili, na mchana anakula kwa njaa ya kutwa. Baada ya miezi miwili mizani imepanda kilo 2, naye anajilaumu kwa kukosa msimamo. Msimamo alikuwa nao. Mlo aliouchagua na dawa aliyoimeza ndivyo vilivyokuwa vinapingana.

Kwa hiyo hapa hatulinganishi milo peke yake wala dawa peke yake. Swali la kwanza si "nile nini ili nipungue?" bali "dawa niliyo nayo sasa inaruhusu nini, na ipi inafaa ibadilishwe kabla sijaanza?"

Kwanza, uhakika kwamba tunazungumzia jambo moja

Usugu wa insulini ni hali ambapo misuli, ini na mafuta ya mwili haviitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi ili sukari ibaki mahali pake. Kwa miaka kadhaa kipimo cha sukari kinaweza kuwa kizuri kabisa huku kongosho likihemewa. Dalili za nje zipo: ngozi nyeusi, nene na laini kama mahameli shingoni na kwapani (wengi huisugua kwa sabuni wakidhani ni uchafu), vinyama vidogo vinavyoning'inia shingoni, kiuno cha zaidi ya sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke, na kwa wanawake wenye vivimbe vingi kwenye ovari, hedhi inayoruka miezi.

Kwa vipimo, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa kati ya 5.6 na 6.9 mmol/L, au HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu) kati ya 5.7 na 6.4 kwa asilimia, wataalamu wa Marekani huiita hatua ya kabla ya kisukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) huanzia sukari ya 6.1. Ikifika 7.0, au HbA1c 6.5, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, hicho ni kisukari. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu asiitegemee HbA1c, maana inaweza kusoma chini au juu ya ukweli. Apime sukari yenyewe kwa kidole.

Milo mitatu inayoshindana

Kupunguza kiasi, kupunguza wanga, na kufunga kwa saa: hizi ndizo njia tatu ambazo watu huzijaribu kweli.

Wengi hudhani mwenye usugu wa insulini lazima aache wanga ndipo apungue. Utafiti wa DIETFITS uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua watu wazima 609 ukawafuata kwa miezi 12, nusu wakila mafuta kidogo na nusu wanga kidogo. Kundi la mafuta kidogo lilipungua kilo 5.3 kwa wastani, la wanga kidogo kilo 6.0, tofauti ndogo isiyo na maana. Jambo kubwa ni hili: kiwango cha insulini walichoanza nacho hakikuonyesha nani angefaulu kwa mlo upi. Mlo unaoweza kuula mwaka mzima nyumbani kwako una nafasi kubwa kuliko ule unaosifiwa.

Kupunguza kiasi ndiyo njia inayokubaliana na dawa karibu zote, na kwetu ina faida ya kutogawa jikoni: baba hali chungu chake na watoto chao. Anza na vitu viwili visivyoonekana. Cha kwanza ni chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni gramu 36 hivi za sukari, karibu kalori 145. Soda ya mililita 300 ina kiasi kama hicho. Cha pili ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, iwe ya alizeti, ya nazi au ya mawese. Mchuzi unaoanza kwa kumimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu huingia vijiko vitano au sita bila mpishi kujua. Pima kwa kijiko kwa wiki moja tu utaona.

Halafu ugali. Gramu 100 za unga mkavu ni kalori 360 hivi, na hapa tunapenda kusema wazi: dona na sembe vinakaribiana sana kwa kalori. Dona ina nyuzinyuzi zaidi na inapandisha sukari taratibu kidogo, ni chaguo zuri, lakini kuhamia dona na kubaki na bonge lilelile hakupunguzi uzito. Pima unga ukiwa mkavu, kabla ya kusonga. Kwa mtu mzima anayepungua, gramu 70 hadi 80 kwa mlo zinatosha, huku nusu ya sahani ikiwa mchicha, matembele au sukuma wiki, na robo ikiwa maharage, samaki, dagaa au mayai. Protini isipungue gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, la sivyo sehemu ya kilo zinazoondoka itakuwa misuli. Na misuli ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Ukiipoteza, usugu unabaki palepale.

Kupunguza wanga sana, yaani chini ya gramu 50 kwa siku, huteremsha sukari ndani ya siku mbili tatu. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake, kwa sababu dozi za dawa zilipangwa kwa mtu anayekula ugali na wali. Pia ni ghali pale ambapo nyama na mayai ndivyo vinavyojaza nafasi ya unga.

Kufunga kwa saa 16 na kula ndani ya saa 8 ni rahisi kukumbuka, hakuhitaji mizani, na kwa anayefunga Ramadhani si jambo geni. Kunapunguza uzito kwa sababu moja tu: unakula kidogo zaidi kwa jumla. Anayefungua kwa kalimati, sambusa na juisi ya maembe yenye sukari hapungui, na wengine huongezeka.

Dawa zikiwekwa kando kwa kando

| Dawa | Uzito | Sukari kushuka mno | Kinachosumbua zaidi |
|---|---|---|---|
| Metformini | Hushuka kidogo, kilo 2 hivi | Nadra ikiwa peke yake | Kuhara, gesi. Vitamini B12 kupungua kwa miaka |
| Glibenklamidi, glimepiridi, gliklazidi | Hupanda | Ndiyo, glibenklamidi zaidi | Kuruka mlo |
| Pioglitazoni | Hupanda | Nadra ikiwa peke yake | Miguu kuvimba, haifai moyo ulioshindwa, mifupa kuvunjika kirahisi |
| Dapagliflozini, empagliflozini | Hushuka kilo 2 hadi 3 | Nadra ikiwa peke yake | Fangasi sehemu za siri. Asidi ya ketoni (hutokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) |
| Liraglutidi, semaglutidi, tirzepatidi | Hushuka sana | Nadra ikiwa peke yake | Kichefuchefu, bei, kuhifadhi kwenye baridi |
| Insulini | Hupanda | Ndiyo | Dozi isiyopunguzwa mlo ukipungua |

Metformini inastahili kuzungumzwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, ipo karibu kila duka la dawa, na ndiyo inayoachwa ovyo kuliko zote. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu 3,234, metformini miligramu 850 mara mbili kwa siku ilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 31. Kubadili mlo na kufanya mazoezi, kwa shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, kulipunguza kwa asilimia 58. Dawa ilifanya kazi vizuri zaidi kwa wenye unene mkubwa na kwa wanawake waliowahi kupata kisukari cha ujauzito. Kwa waliozidi miaka 60 haikusaidia sana.

Wanaoiacha huiacha kwa ajili ya tumbo, na mara nyingi kosa ni la kuanza na dozi kubwa. Anza na miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni kwa wiki moja. Wiki ya pili ongeza 500 na chakula cha asubuhi. Endelea hivyo, 500 kila wiki, mpaka dozi uliyoandikiwa, mara nyingi 2,000 kwa siku. Tumbo likichafuka, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo wiki mbili, kisha jaribu tena. Imeze katikati ya mlo, si kabla.

Ikishindikana, omba kidonge kinachoachia dawa polepole, chenye herufi XR au SR kwenye boksi. Uwezo wake wa kushusha sukari ni uleule. Kinachobadilika ni tumbo na idadi ya kumeza, maana huchukuliwa mara moja kwa siku na mlo wa jioni. Kisikatwe, kisitafunwe, kisisagwe. Ukiona ganda laini la kidonge chooni usishtuke: dawa imeshatoka, ganda ndilo limebaki. Bei yake huwa juu kidogo, na kwa anayevumilia ile ya kawaida hakuna sababu ya kuilipia.

Figo ndizo zinazoamua kama metformini inafaa. Kabla ya kuanza, na angalau mara moja kwa mwaka, pima kreatinini na uulize kiwango cha uchujaji wa figo. Chini ya 30 haitumiki. Kati ya 30 na 45 haianzishwi, na aliyekuwa tayari anaitumia hupunguziwa, kwa kawaida hadi nusu. Ukipata kuhara na kutapika, isitishe mpaka ule na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Pombe nyingi na metformini ni mchanganyiko mbaya.

Dapagliflozini na empagliflozini hutoa sukari kupitia mkojo, na zina faida ya kweli kwa figo na moyo. WHO iliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Jioshe kwa maji kila baada ya haja ndogo na ujikaushe, fangasi zitapungua. Hatari yake ya kweli iko kwenye mlo, tutaifikia.

Sindano za wiki ndizo zinazoulizwa sana siku hizi. Semaglutidi ya miligramu 2.4 katika utafiti wa mwaka 2021, wiki 68, ilipunguza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, wakati waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Tirzepatidi ya miligramu 15, utafiti wa mwaka 2022, wiki 72, ilifika asilimia 20.9. Kwa mtu wa kilo 100 huo ni uzito wa mtoto wa miaka sita. Septemba 2025 WHO iliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na unene uliokithiri na ugonjwa wa moyo au figo.

Lakini uliza kwanza utailipia kwa muda gani. Waliofuatwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Mwenye uwezo wa kununua miezi mitatu tu ananunua kichefuchefu cha miezi mitatu, kwa sababu dozi yenyewe hupandishwa polepole: 0.25 kwa wiki nne, 0.5 kwa wiki nne, 1, 1.7, ndipo 2.4. Ukiruka ngazi unaweza kutapika mpaka figo zikaumia kwa kukosa maji. Haifai kwa mwenye historia ya saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, yake au ya ndugu wa damu, na aliyewahi kuvimba kongosho amweleze daktari kabla. Mwanamke anayepanga mimba aiache miezi miwili kabla. Anayetumia tirzepatidi na vidonge vya uzazi wa mpango aongeze kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha dozi, maana vidonge havifyonzwi vizuri.

Sasa viunganishe

Ukiwa kwenye metformini peke yake, mlo wowote kati ya ile mitatu uko wazi kwako. Chagua kwa ladha, kazi na mfuko.

Ukiwa kwenye glibenklamidi, glimepiridi au gliklazidi, usianze kufunga wala kuacha wanga kabla dozi haijapangwa upya. Dawa hizi hukamua insulini kutoka kwenye kongosho, uwe umekula au hujala. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ambapo watu walikula takriban kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano chini ya uangalizi, dawa zote za kisukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza. Nenda kwa daktari na sentensi moja: "Nataka kupunguza chakula kuanzia Jumatatu, dozi hii ipunguzwe au ibadilishwe?" Mwenye zaidi ya miaka 60 aombe glibenklamidi ibadilishwe hata kama hapunguzi uzito, WHO yenyewe imeweka alama kuwa haifai kwa umri huo, na gliklazidi ndiyo mbadala wake.

Sukari ikishuka chini ya 4.0, au ukitetemeka huna kipimo, koroga vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe, usubiri dakika 15, upime tena. Ikipanda, kula kitu kidogo cha kukaa tumboni. Chapati au chokoleti haifai kwa dharura hiyo kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Na ukishuka mara mbili ndani ya wiki moja, dozi ni kubwa. Usiilishe dozi, ipunguzwe.

Ukiwa kwenye dapagliflozini au empagliflozini, kupunguza kiasi ni sawa. Kuacha wanga kabisa au kufunga siku nzima bila maji hapana. Mwili unaweza kujaa asidi ya ketoni wakati kipimo cha kidole kinasoma 9 au 10 tu, na mhudumu asiyejulishwa atakurudisha nyumbani. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuhema kwa kina ukiwa kwenye dawa hizi ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, na jina la dawa litajwe mlangoni. Zisitishe siku tatu kabla ya upasuaji.

Kwa Ramadhani: metformini ya mara mbili huhamia futari na daku, ya XR huchukuliwa futari. Glimepiridi ya mara moja huhamia futari, na gliklazidi ya mara mbili hupunguzwa ile ya daku. Haya yapangwe mwezi mmoja au miwili kabla, siyo usiku wa kuamkia mfungo. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7 saumu inavunjwa, na kutoboa kidole ili kupima hakuivunji.

Dawa za maradhi mengine zinazovuruga hesabu

Mamilioni ya watu Afrika Mashariki wanatumia kidonge kimoja cha kila siku cha virusi vya UKIMWI chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Dolutegraviri huzuia metformini isitoke mwilini, kwa hiyo dozi ya metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Kama dawa ya sukari na dawa za virusi unazichukua madirisha tofauti, kuna uwezekano kila upande haujui wa mwenzake. Beba vidonge vyote kwenye mfuko mmoja uvimwage mezani. Dolutegraviri pia inahusishwa na kuongezeka uzito. Usiiache kwa sababu hiyo, bali anza kupima kiuno mapema.

Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za steroidi, hupandisha sukari na hamu ya kula. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, na kitanzi cha shaba ni mbadala usio na homoni. Olanzapini, dawa ya magonjwa ya akili, huongeza uzito sana, ila mabadiliko yake yafanywe na daktari wa akili tu. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya glibenklamidi na ndugu zake, na tiba ya TB ikiisha dozi iliyokuwa imepandishwa huwa kubwa ghafla.

Dawa za presha hufanya kinyume: uzito ukishuka, zinazidi nguvu. Ukisimama ukaona giza, pima presha ukiwa umekaa kisha dakika moja baada ya kusimama, na upeleke namba zote mbili kliniki.

Na kwa mwanamke ambaye hedhi ilikuwa haiji: metformini na kilo tano zilizopungua zinaweza kurudisha upevushaji wa mayai kabla hedhi ya kwanza haijaonekana. Mimba nyingi zisizopangwa huingia hapo.

Kupima kama uchaguzi umefaa

Kaa na mpango mmoja wiki 12. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya haja. Kiuno kila baada ya wiki mbili, kanda ikiwa katikati ya mbavu ya mwisho na nyonga. Kiuno kikishuka huku mizani imesimama, unasonga mbele. HbA1c rudia baada ya miezi mitatu, siyo kabla, kwa kuwa inasoma wastani wa muda huo. Ukiwa kwenye metformini zaidi ya miaka minne na nyayo zinawaka au zinakufa ganzi, pima B12 kabla ya kuambiwa ni mishipa ya kisukari.

Kama baada ya wiki 12 hujapungua hata asilimia 3, na mafuta na sukari ulipima kwa kijiko kweli, hapo ndipo pa kuzungumzia kubadili dawa. Ukiamua sindano, nunua kwenye duka lenye jokofu na risiti. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa katika nchi kadhaa, kwa hiyo linganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye kalamu (kifaa cha kuchomea dawa), na ukatae kalamu yoyote inayouzwa bila boksi. Isiyofunguliwa hukaa kwenye jokofu nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Kalamu ya Ozempic (jina la kibiashara la semaglutidi) iliyoanza kutumika hudumu wiki 6 chini ya nyuzi 30, na chumba cha bati Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili hakifiki chini ya hapo mchana. Pasipo na jokofu la kuaminika, ongea na duka la dawa la jirani likutunzie kalamu, uwe unakwenda kuchoma pale kila wiki siku ileile.